Sumu ya Mshale na Ganda la Homa: Safari ya Dawa za Moyo Unaokwenda Mbio

Huko Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, mtu akilalamika kwamba roho inampiga mbio, hakosi mshauri. Mmoja atamwambia achemshe mchaichai, mwingine aponde kitunguu saumu na kukichanganya na asali, wa tatu atamtajia mzee wa upande wa Piana-Mwanga au wa milima ya Marungu ambaye ana mzizi wake. Ushauri huo hutolewa kwa moyo mwema, na nyuma yake kuna imani moja ambayo husikika kila mahali kuanzia Kalemie hadi Mombasa: dawa iliyotoka porini, hata isipomponya mtu, haitamdhuru. Imani hiyo ni changa. Wazee wa nchi hizi hawakuwa nayo. Walijua vizuri kwamba miti yenye nguvu juu ya moyo ndiyo hiyo hiyo waliyoipaka kwenye ncha za mishale.

Mwanzoni mwa mwaka 1869 msafara wa mfanyabiashara wa pwani, Mohamad Bogharib, ulikuwa ukipita Marungu, kusini ya mahali ulipo mji wa Kalemie leo. Ndani ya msafara huo alikuwamo Mskoti aliyebebwa kitandani, kifua kimemshika, hawezi kutembea wala kusema kwa nguvu. Alikuwa David Livingstone. Yeye mwenyewe alikuwa tabibu, lakini tabibu asiye na dawa: sanduku lake la dawa, pamoja na kwinini yote, liliibwa na mpagazi aliyetoroka Januari 1867. Kwa miaka miwili aliishi kwa huruma ya watu ambao biashara yao ya utumwa aliilaani. Bogharib alimhudumia mpaka wakafika ziwani, na tarehe 14 Machi 1869 Livingstone akashuka Ujiji.

Kwinini aliyoikosa Livingstone itarudi baadaye katika habari hii. Kwanza inafaa kutazama kitu alichokuwa amekiona kabla ya hapo, katika safari yake ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Pamoja naye alikuwapo kijana aliyesomea udaktari Edinburgh na kupenda sana elimu ya mimea, John Kirk. Wazanzibari wanamkumbuka kwa sababu nyingine: ndiye balozi wa Uingereza aliyembana Sultani Barghash mwaka 1873 mpaka soko la watumwa likafungwa. Lakini miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, kwenye mto Zambezi na mto Shire, Kirk alikuwa akiwauliza wawindaji kuhusu sumu waliyoiita kombe.

Kombe hutoka kwenye mbegu za mmea unaotambaa, wenye maua yaliyochongoka na maganda marefu yaliyojaa mbegu zenye manyoya. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Strophanthus kombe, wakilihifadhi jina la wenyeji humo humo. Mbegu husagwa, unga wake ukapakwa kwenye mshale chini kidogo ya ncha. Mnyama akichomwa hakimbii mbali. Wawindaji waliikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, iliyobaki wakaila bila wasiwasi. Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa kitabibu: sumu hii ikiingia kwa njia ya damu inaua, ikipita tumboni hupenya kidogo tu. Wawindaji walilijua hilo kwa vitendo. Madaktari wa Ulaya iliwachukua karibu nusu karne kulifikia.

Kirk alilipata somo lake kwa bahati. Mswaki wake uliguswa na kombe aliyokuwa ameihifadhi, na alipousugua mdomoni alionja uchungu mkali, kisha akaona mapigo ya mshipa wake yameshuka. Alikuwa na akili ya kutosha kuelewa kwamba ameona jambo. Sampuli zikapelekwa Uskoti. Kuelekea mwaka 1870 Thomas Richard Fraser wa Edinburgh akaanza kuzifanyia majaribio, na akaonyesha kwamba kombe inaushika moyo wenyewe: kwa kipimo kidogo moyo unajikaza kwa nguvu zaidi na kupiga taratibu, kwa kipimo kikubwa unajikaza na hauachii tena. Mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wenzake wa Uingereza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Muda si muda kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ikaanza kuuza dawa ya maji iliyotengenezwa kwa mbegu hizo.

Basi mbegu zikawa bidhaa. Ziliokotwa katika nyanda za juu za Shire na kwingineko, zikasafirishwa kwa magunia, na kama ilivyo kwa kila bidhaa yenye bei, zikachanganywa. Jamii ya Strophanthus ina aina nyingi, na mbegu za aina moja hufanana na za nyingine ilhali nguvu zao hazilingani. Daktari aliyempa mgonjwa matone yale yale kutoka chupa mbili tofauti aliweza kumsaidia kwa chupa ya kwanza na kumfikisha kaburini kwa ya pili. Naomba msomaji aishike habari hii, kwa sababu ndiyo kasoro kubwa ya mizizi inayouzwa sokoni hadi leo. Mti unaweza kuwa wa kweli kabisa, na mganga anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado kipimo cha leo kisiwe kipimo cha jana.

Njia ya kuiondoa kasoro hiyo ilipatikana Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani. Mwaka 1906 Albert Fraenkel alitangaza kwamba ameingiza strofantini safi, iliyopimwa, moja kwa moja kwenye mshipa wa mgonjwa, na moyo uliokuwa umeshindwa ukapata nafuu ndani ya dakika. Kwa maneno mengine, alifanya alichokuwa akikifanya mwindaji, ila kwa kipimo cha kuokoa. Kiwanda cha Boehringer Mannheim kikaiuza dawa hiyo kwa jina la Kombetin, na kwa miongo kadhaa madaktari wa Ujerumani waliitegemea. Wagonjwa waliodungwa Kombetin huko Berlin hawakujua kwamba ndani ya jina hilo mna neno la wawindaji wa Zambezi.

Kombe haikuwa peke yake. Kaskazini zaidi, kutoka Usomali hadi Ukambani na nchi ya Wagiriama, mishale ilipakwa utomvu uliochemshwa wa mti wa Acokanthera. Wawindaji wa Kiwaata waliwaangusha tembo kwa sumu hiyo, na kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna ganda la mti huo na kujipaka mate yenye sumu ubavuni, hivi kwamba mbwa anayemuuma hujuta. Wahadzabe wa ziwa Eyasi nao wana sumu zao, mojawapo ikitoka kwenye jamii ya Strophanthus. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga kiini cha sumu ya Kisomali na kukiita ouabain, kutokana na jina la Kisomali la mti wenyewe.

Kiini hicho kilifika mbali. Mwaka 1957, huko Aarhus nchini Denmark, Jens Christian Skou alikuwa akichunguza neva za kaa. Aligundua kwamba kwenye ukuta wa chembe za miili ya wanyama kuna pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na kilichomthibitishia baadaye kwamba ameipata kweli ni ouabain: akiitia, pampu inasimama. Moyo nao una pampu hiyo. Ikizibwa kidogo, kalisi hujikusanya ndani ya misuli ya moyo na pigo linapata nguvu. Ikizibwa mno, mpangilio wote wa mapigo unavurugika. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Katika picha za sherehe hiyo hapakuwa na Mwaata wala Msomali.

Ng'ambo zote mbili za Ziwa Tanganyika walikuwa pia na mti mwingine wa moyo, wenye historia ya kutisha zaidi. Huo ni mwavi. Mshtakiwa wa uchawi alinyweshwa maji ya ganda lake. Akitapika, hana hatia. Akianguka, hukumu imepita. Mti unaotajwa zaidi kwa kazi hiyo ni Erythrophleum, na mwaka 1876 wakemia wa Paris walitoa kwenye ganda lake kiini kinachoutenda moyo kwa namna inayofanana na kombe. Mwavi kwa hiyo ulikuwa baraza lililoketi juu ya mapigo ya moyo: aliyewahi kutapika aliitoa sumu kabla haijaingia damuni, aliyechelewa moyo wake ulisimama. Aliyelitayarisha ganda, kama alitaka, alikuwa na uwezo wa kupunguza au kuzidisha. Serikali za kikoloni zilipiga marufuku desturi hiyo, na sijui mtu mwenye akili anayeililia. Lakini inathibitisha kwamba watu wa pande hizi walikuwa na elimu ya miti ya moyo muda mrefu kabla ya zahanati, na kwamba elimu hiyo ilijua vizuri jinsi ya kuua.

Ulaya nayo ilikuwa na waganga wake wa kienyeji. Mwaka 1785 daktari William Withering wa Birmingham alichapisha kitabu juu ya mmea wa dijitali, baada ya kuonyeshwa dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire iliyokuwa na majani ya aina ishirini au zaidi. Withering alilitambua bila shida jani lenye kazi, kisha akatumia miaka kumi kutafuta kipimo, akiandika bila kuficha habari za wagonjwa aliowazidishia. Mwaka 1930 Sydney Smith, wa kampuni ile ile ya Burroughs Wellcome, alitoa digoksini safi kutoka kwa ndugu wa mmea huo. Ndiyo dawa iliyoisukuma strofantini pembeni: inamezwa kwa kidonge, haihitaji sindano, na kila kidonge kinalingana na mwenzake. Tofauti kati ya bibi wa Shropshire na mzee wa Marungu haiko kwenye hekima. Iko kwenye mizani, na kwenye mtu aliyekubali kuandika makosa yake.

Turudi sasa kwenye kwinini. Ganda la mkwinini lilitoka Peru likaenea Ulaya kama dawa ya homa, na tangu mwaka 1749 daktari Mfaransa Jean-Baptiste Sénac alikuwa ameandika kwamba linatuliza pia mapigo ya moyo yaliyoasi. Watu walisahau. Mwaka 1912, tena Strasbourg, mfanyabiashara Mholanzi alimwendea Karel Wenckebach, bingwa wa mapigo ya moyo, na kumwambia kwamba moyo wake ukianza kwenda ovyo yeye huutuliza mwenyewe kwa kumeza kwinini. Wenckebach hakumwamini. Mgonjwa akaahidi kurudi kesho yake akiwa na mapigo yaliyonyooka, na akatimiza. Alikuwa na desturi ya kutumia kwinini kwa sababu ya kuishi katika makoloni ya nchi za joto, na mwili wake ndio uliomfundisha. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka ganda lile lile, ina nguvu zaidi kwa kazi hiyo. Kwa nusu karne kwinidini ikawa silaha kuu ya madaktari dhidi ya moyo usio na mpangilio.

Hapa Kongo ya mashariki inaingia, safari hii kama mkulima. Wabelgiji walipanda mikwinini kwenye milima ya Kivu, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, kisiwa kilichokuwa kikilisha dunia kwinini, thamani ya mashamba ya Kivu ilipanda ghafla. Kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikisindika maganda hayo kwa miongo mingi, kikipita katika vita ambavyo vilifunga biashara nyingi za mji huo. Kwa miaka mingi mmiliki wake alikuwa Boehringer Mannheim, yule yule aliyeuza Kombetin.

Kwinidini ilituliza mioyo, na mara nyingine iliisimamisha. Mapema miaka ya 1920 madaktari walikuwa wamekwisha kuona wagonjwa wakizimia au kufa ghafla wakiwa kwenye dawa, na sasa inajulikana kwamba inarefusha muda wa umeme wa moyo mpaka mapigo mengine ya hatari yanazuka. Mwaka 1978 likafichuka jambo jingine: mgonjwa anayemeza digoksini akiongezewa kwinidini, kiasi cha digoksini katika damu yake kinaweza kufika maradufu. Kwinini yenyewe inasukuma upande huo huo, ingawa kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo mama wa Kalemie aliyepewa digoksini hospitalini, kisha akirudi nyumbani akanywa maji ya ganda la mkwinini kwa ajili ya homa, amechanganya vitu viwili ambavyo daktari angevitenganisha. Akianza kutapika na kuona vitu kwa rangi ya manjano kwa sababu digoksini imezidi, nyumbani watasema ni malaria imezidi.

Mti mwingine naupitia haraka. Rauvolfia wa India ulitumiwa na waganga wa huko kwa vizazi, na mwaka 1931 Salimuzzaman Siddiqui alitenga ndani yake ajmalini, akiipa jina la mwalimu wake Hakim Ajmal Khan. Ajmalini hutuliza aina fulani za mapigo ya mbio, na hadi leo mabingwa wa moyo huitumia kufichua hitilafu za kurithi za umeme wa moyo. Mwaka 1952 reserpini, dawa ya shinikizo la damu, ilitolewa kwenye mzizi huo huo. Viwanda vilipohitaji mizizi mingi, vikamgeukia ndugu wa Kiafrika wa mti huo, anayeota katika misitu ya Kongo, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Mizizi ilichimbwa, ikakaushwa, ikapandishwa meli. Vidonge vilirudi kwa bei ya vidonge. Reserpini nayo iliacha sifa mbaya: miaka ya 1950 madaktari waliripoti wagonjwa waliozama katika huzuni nzito baada ya kuitumia. Kwa hiyo mzizi huo ukichemshwa nyumbani na kunywewa mwezi mzima si chai ya mchaichai.

Ipo pia hadithi ya karibu ambayo ndani yake hamna mti wala mganga. Kivu ilikuwa nchi ya tezi la shingo kwa sababu udongo wake hauna madini joto ya kutosha; kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa na watafiti kwa sababu hiyo tangu miaka ya 1960. Chumvi yenye madini joto ilipoletwa ikiwa na kiasi kikubwa mno, tezi zilizozoea njaa ya miaka mingi zilianza kutengeneza homoni bila breki. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha habari za wagonjwa wa Kivu waliopatwa na hali hiyo: wamekonda, wanatetemeka, moyo unakwenda mbio na wakati mwingine kwa mapigo yaliyovurugika. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza kiwango kipya kilicho chini kuliko cha awali. Chumvi ile iliokoa watoto wengi wasizaliwe na akili dhaifu, na hakuna anayetaka irudishwe nyuma. Lakini jiulize: mgonjwa wa aina hiyo angenufaika nini kwa kitunguu saumu?

Ndiyo maana naona swali la dawa ipi ya asili inatuliza moyo limeulizwa kabla ya wakati wake. Moyo unaokwenda mbio ni dalili. Huko Kalemie na vijijini mwake moyo una sababu nyingi za kufanya hivyo: damu iliyopungua kwa malaria na minyoo, homa, ujauzito, tezi, koo la mtoto lililouma likaachwa bila penisilini na baada ya miaka likaharibu milango ya moyo, pombe kali ya lutuku ya usiku wa jana. Kuna pia hofu. Wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, mwaka 2016 na 2017, maelfu kwa maelfu walikimbilia Kalemie wakiacha nyumba zimeteketea, na mtu aliyeyapitia hayo akishtuka usiku kifua kikimdunda, hakuna ganda litakalomwondolea alichokiona. Kila moja ya sababu hizo ina tiba yake, na tiba hazifanani. Upungufu wa damu hutibiwa kwa kuongeza damu. Kumpa mtu huyo kitu cha kupunguza mapigo ni kumnyang'anya msaada pekee ambao mwili wake umejitafutia.

Tiba ya asili yenye ushahidi mzuri kuliko zote, kwa aina moja ya mapigo ya mbio yanayoanza na kukoma ghafla, haina mmea ndani yake. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu dhidi ya kizuizi kwa sekunde 15, kisha hulazwa chali na miguu yake kuinuliwa kwa sekunde nyingine 15. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba njia hiyo iliurudisha moyo katika mpangilio kwa wagonjwa 43 katika kila 100, huku kupuliza bila kuinua miguu kukifaulu kwa 17 tu. Haigharimu faranga moja, na muuguzi wa kituo chochote cha afya anaweza kuisimamia. Mchaichai na rosela navyo havina neno kwa mtu mzima ambaye moyo wake umepimwa. Vinapoza, vinaburudisha, na rosela hushusha shinikizo kidogo. Visivuke hapo.

Mwenye kifua kinachouma, aliyezimia, anayehema akiwa amekaa au aliyevimba miguu, asingoje chai ichemke, apelekwe hospitali. Aliyekwisha kupewa vidonge vya moyo amtajie daktari kila ganda na kila mzizi anaokunywa, bila aibu. Na atakayeletewa chupa isiyo na jina kwa ajili ya moyo amuulize mwenye nayo mambo matatu: ni mti gani, ni sehemu gani ya mti, na kipimo chake kwa siku ni kiasi gani. Asipojibu yote matatu, usinywe.